Barua ya posa iliyompeleka Iphigenia Aulis

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu Iphigenia, binti wa Mfalme Agamemnon katika ngano za Wagiriki wa kale, nikasikitika kuona mwandishi anamsifu kwa kujitoa mhanga bila kutaja jambo ambalo Wagiriki wenyewe hawakulificha, kwamba binti huyo aliitwa bandari ya Aulis aje kuolewa.

Merikebu za jeshi la Agamemnon za kwenda vitani Troy zilikwama bandarini humo kwa kukosa upepo mwema, na mwaguzi Calchas akatamka kuwa mungu wao Artemis hataridhika mpaka achinjwe binti wa mfalme. Ndipo Agamemnon akamwandikia mkewe, Clytemnestra, amlete binti yao kwa kuwa shujaa Achilles anamposa, ilhali Achilles mwenyewe hana habari. Katika mchezo wa Euripides, ulioonyeshwa mwaka 405 KK mtunzi akiwa amekwisha kufa, baba anajuta na kuandika barua ya pili ya kuwazuia, lakini nduguye Menelaus anamnyang'anya mjumbe. Ni kweli kwamba humo binti mwishowe anakubali kufa. Ila anakubali akiwa kambini, jeshi zima likimdai, na huko mimi sikuiti kuridhia.

Mtunzi mwingine, Aeschylus, mwaka 458 KK, hakumpa hata nafasi hiyo. Kwake, binti ananyanyuliwa juu ya madhabahu kama mbuzi, kinywa kimezibwa asije akailaani nyumba yao, vazi lake la zafarani likimwagika chini, naye akiwatazama mmoja mmoja wanaume aliozoea kuwaimbia katika karamu za baba yake. Hapa Lamu, ambako bibi harusi hukaa akitiwa hina na piko mikono na miguu, picha hiyo haivumiliki.

Nilipomsimulia ami yangu, nahodha wa zamani, aliuliza swali moja tu: "Kwani, mwanangu, hao hawakujua kungoja tanga mbili ipite?" Yaani majira yaliyo kati ya kaskazi na kusi, upepo usipotulia.

Wapo watakaonikumbusha kisa cha Nabii Ibrahim, hasa kwa kuwa wasimulizi wengine husema Artemis alimtwaa binti akaweka paa mahali pake. Lakini Nabii Ibrahim alimweleza mwanawe ndoto aliyoiota na kumuuliza aonavyo. Agamemnon alipeleka posa ya uongo, na nawaomba, mkikirudia kisa hiki, msiiache nje.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu