Kusadikika haikuisha mwaka 1961

Ndugu Mhariri,

Juzi mjukuu wangu aliniletea daftari la fasihi nimsikilize kabla ya mtihani. Ukurasa mzima ni mishale ya nani anamwakilisha nani katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert kuhusu nchi ya kubuni yenye jina hilo: Kusadikika, Tanganyika. Majivuno (mshtaki), mkoloni. Karama (mshtakiwa), mpigania uhuru. Chini yake wino mwekundu wa mwalimu: "Vizuri." Nikamwuliza kama kitabu chenyewe amekisoma. Akacheka.

Mishale yenyewe siikatai. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya Waingereza, miaka mingi akiwa forodhani Pangani. Mtumishi kama huyo angewaitaje wakubwa wake madhalimu, mwaka 1951, kisha asubuhi aende kazini? Akaitundika nchi yake angani, akawapa watu majina ya tabia zao, akasema yake. Jonathan Swift naye, katika Gulliver's Travels ya mwaka 1726, aliwagombanisha vijitu vya inchi 6 kwa sababu ya upande wa kupasulia yai, na wasomaji wake walijua ni ugomvi gani wa dini unaochekwa.

Kinachonikera ni kuishia hapo. Kama Majivuno ni Mwingereza tu, kitabu kilimaliza kazi yake tarehe 9 Desemba 1961. Lakini watazame wajumbe 6 wanaosimuliwa humo. Wametumwa na nchi yao, wamehangaika huko walikokwenda, wamerudi na mambo ya kuifaa nchi; ujira wao ukawa gereza. Majivuno hakuja kwa meli. Ni Mkusadikika, tena waziri.

Hata mwandishi mwenyewe nina neno naye. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea siku 6, kila siku na kisa cha mjumbe mmoja, mwisho anaachiwa na wafungwa wanatoka. Hakuna aliyeandamana, hakuna aliyegusa kufuli la gereza. Shaaban aliamini kuwa mtawala akielezwa vizuri ataelewa. Huo ni msimamo wa kisiasa, tena mzito kuliko mshale wowote, na sijaona unajadiliwa darasani.

Nilimsimulia mjukuu hadithi nzima, jioni mbili. Tulipofika kwenye hukumu alikunja uso: "Babu, siku sita zote wanamsikiliza tu? Nani anapewa siku sita?"

Nikamwambia aligeuze daftari, aliandike swali hilo ukurasa wa nyuma.

Mwalimu mstaafu,
Tanga