Ile picha ya mifupa

Mdogo wangu,

Picha uliyoituma kwenye grupu ya familia imeingia hapa nyumbani Ahero leo asubuhi, mama akiwa nje anatayarisha susa, yale majani ya malenge. Nilimpa simu nikijua atacheka. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akanirudishia bila neno. Alirudi kwenye zile mboga, akavuta nyuzi za kila kikonyo mpaka zikaisha, ndipo akauliza: "Huyo mwenye mifupa ni nani?"

Ni mwanao. Yule mwenye jina la baba.

Sikuandikii kukugombeza. Najua huko Marekani tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, watoto wa mtaa mzima huvaa mavazi ya kutisha wakatoka kubisha milango na kuomba peremende, na wako asingebaki dirishani. Nimemweleza mama nijuavyo: kwamba Halloween ina mizizi Ireland, ilikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, usiku ambao wafu walidhaniwa kuwa karibu na walio hai. Kwamba kwao walichonga tanipu, mboga ya mzizi, wakaweka mwanga ndani, na walipohamia Marekani wakakuta malenge, makubwa na rahisi kuchonga. Alinisikiliza vizuri hadi hapo. "Yaani wamevuna, halafu chakula wanakitoboa macho?" Sikuwa na jibu. Lile lenu mlilila?

Habari ya kubisha milango nayo ilimshinda. Si unakumbuka? Kokoto zikimwagika juu ya mabati usiku, hakuna aliyefungua. Ni jajuok huyo, mchawi wa kukimbia usiku, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujifunika blanketi. Leo unamngoja mlangoni na bakuli la peremende!

Lakini kilichomuuma ni jina. Mkeo akiwa na mimba, mama ndiye aliyemwota baba amekaa kwenye kile kigoda chake, akaomba maji. Nying juogi, jina la mzimu wa ukoo, halichezewi. Kwa mama, mtoto yule ni baba aliyeturudia na mashavu yake yote. Tulipomzika baba, wazee walienda tero buru: ng'ombe mbele, kengele shingoni, vijana na matawi na mikuki wakikimbia kukifukuza kifo kitoke bomani. Katekista alijifanya anatafuta miwani yake. Vumbi lile lilikaa kwenye nguo zetu siku mbili. Sasa mtu tuliyemfukuzia kifo namna ile, umemchorea fuvu usoni ukamtuma akaombe vitamutamu gizani.

Mwakani mvalishe simba.

Na kesho, tarehe 2, mama atakuwa kwenye misa ya marehemu wote, halafu atapita kaburini kung'oa majani. Akirudi, mpigie kwa video. Muoshe mtoto uso kwanza, hiyo rangi nyeupe itoke hata nyuma ya masikio, umweke mbele ya simu. Usieleze kitu. Mwache amtazame tu.

Halafu mama anauliza kama zile mbegu za malenge mlizitupa.