Sauti ya Mufasa ilitoka kwa mtoto mwenye kigugumizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimzungumzie James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyefariki dunia Septemba 9, 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Hapa Dodoma wengi wamemsikia bila kumjua jina, kwani ndiye aliyetoa sauti ya Mufasa, baba yake Simba, katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994 na tena ilipotengenezwa upya mwaka 2019. Wenye umri wa kati watamkumbuka pia kama mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni katika filamu ya Coming to America ya mwaka 1988, baba wa mwanamfalme aliyeigizwa na Eddie Murphy. Kila anapotajwa husifiwa sauti yake nzito, kana kwamba alizaliwa nayo hivyo. Mimi niliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi naona tunaacha jambo kubwa zaidi: sauti hiyo ilinyamaza karibu miaka 8, na aliyeifungulia mlango alikuwa mwalimu wa shule ya kijijini.

Jones alizaliwa Januari 17, 1931 huko Arkabutla, jimbo la Mississippi. Baba yake hakuwepo nyumbani, na malezi yake yakawa mikononi mwa babu na bibi mzaa mama, waliomhamishia kwenye shamba lao katika jimbo la Michigan akiwa na umri wa miaka 5 hivi. Kuhama huko kulimtikisa mtoto, akashikwa na kigugumizi, na wenzake walipomcheka akaamua kunyamaza. Nyumbani alizungumza na jamaa zake na mifugo; shuleni alijibu kwa kuandika. Ndipo akakutana na mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch, aliyegundua kwamba kijana yule asiyesema alikuwa akiandika mashairi. Siku moja Jones aliandika shairi la kulisifu balungi, tunda ambalo halikuwa la kawaida katika baridi ya Michigan. Mwalimu akamwambia kwamba lilikuwa zuri mno kiasi cha kutia shaka kama alilitunga mwenyewe, na kwamba njia ya kuthibitisha ni kusimama mbele ya darasa na kulighani bila kusoma. Kijana akasimama, akalighani lote, na ulimi haukukwama hata mara moja.

Sisemi mwalimu wa Kitanzania aige mbinu ile ya kumtilia mtoto shaka, kwa sababu katika madarasa yetu maneno kama hayo yangesikika kuwa ni tusi. Ninachokipenda kwa Crouch ni kwamba alikuwa amesoma kazi za mwanafunzi wake kwa makini, akajua mahali ambapo maneno yalimtii, kisha akaendelea kumsomesha mashairi kwa sauti hadi akazoea kusimama mbele ya watu.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliingia Chuo Kikuu cha Michigan akilenga udaktari, akahamia sanaa za maigizo, akatumikia jeshi, kisha akaenda New York. Mwaka 1969 alipata tuzo ya Tony kwa kuigiza jukwaani bondia Mweusi aliyechorwa kutokana na maisha ya Jack Johnson, na filamu ya tamthilia hiyo ikamfanya apendekezwe kuwania Oscar. Mwaka 1991 alitunukiwa tuzo 2 za Emmy kwa kazi zake za runinga, na mwaka 2022 jumba la maonyesho la Broadway likapewa jina lake. Pamoja na hayo yote, mwenyewe alikiri kwamba kigugumizi hakikumtoka kabisa, bali alijifunza kuchagua maneno yake kwa uangalifu.

Nayaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu, aliye darasa la nne katika shule moja ya hapa mjini. Muhula uliopita aliinua mkono kujibu swali la hesabu ambalo jibu lake alilijua, na neno la kwanza lilipomganda mdomoni aliambiwa aketi asiwapotezee wenzake muda. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Nilipomsikia bibi yake akisema kwamba mtoto amekuwa mtulivu siku hizi, moyo uliniuma, kwa maana nilijua ule haukuwa utulivu.

Sisi watu wa Dodoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mashairi ya kumpa mtoto wa namna hiyo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye aliyezieneza ngonjera nchini katika miaka ya 1960, na ngonjera ina vina na mizani vinavyomshika mkono msemaji, tena ina mwenzake wa kujibizana naye ili asibaki peke yake mbele ya watu. Kila jioni mimi na mjukuu wangu tunajibizana beti 6. Akiomba maji bado hukwama. Katika ubeti hukwama mara chache sana, na akikwama namsubiri.

Naomba barua hii ichapishwe kabla ya shule kufunguliwa, ili mwalimu mwenye mtoto wa aina hii darasani aisome mapema, amsubiri amalize sentensi yake, na siku ya ngonjera asimruke katika orodha.

Mwalimu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma