Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Alice Springs, Australia

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: Idd tulisherehekea, Krismasi tulikula pilau, misiba miwili tulichangia, darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila mwalimu alipopatikana.

Nije kwenye safari ya Uluru, ule mwamba mkubwa ulio ndani ya hifadhi, maana ndiyo iliyochafua hewa. Wazo lilikuwa langu, mabasi niliyatafuta mimi, na moja nililiendesha mwenyewe zaidi ya kilomita 400. Hilo hakuna aliyelitaja. Kilichotajwa ni kwamba kiingilio cha hifadhi kililipwa na mfuko wa chama, na kwamba niliagiza picha zifutwe kwenye kundi la WhatsApp.

Kiingilio kwanza. Robo ya mapato ya mlangoni huenda kwa Waanangu, wenyeji wa asili wa pale. Sioni fedha iliyopotea.

Kuhusu picha, kibao cha kukataza kupiga picha kilikuwepo, tena tumesimama chini yake, na bado mtu akachomoa simu. Ati hifadhi ni ya serikali na sisi ni walipa kodi! Ardhi ile walirudishiwa Waanangu tarehe 26 Oktoba 1985, na siku hiyohiyo wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99. Serikali pale ni mpangaji. Bodi ya hifadhi ina wajumbe 12, na 8 kati yao huteuliwa na wenye ardhi. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyoamua mwaka 2017 kwamba watu wasipande tena mwamba, na Oktoba 2019 njia ikafungwa. Kuna sehemu takatifu zenye mambo ya wanaume tu, na nyingine za wanawake tu, ndiyo maana hazipigwi picha. Aliyekulia karibu na kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule Kilifi, hahitaji kuelezwa zaidi. Amri yangu siitengui. Waliojitoa kwenye kundi kwa hasira wanakaribishwa, ila deni la ada halikujitoa nao.

Tumeandikishwa 64, waliolipa ni 23. Kwenye mabasi tulikuwa 31, na waliolalamikia kiingilio wengi hawamo katika hao 23. Kikao cha Agosti tulifika 9, mimi na mweka hazina tukiwemo. Mapato dola 2,870, matumizi dola 3,415, salio dola 1,040.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ukumbi wa kudumu, na pengine safari nyingine. Mweka hazina yuko mlangoni. Wenye madeni wapitie kwake kabla ya chakula.