Gereji mtuonyeshe kwanza ndio mtudai

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili la sevisi za magari maana limenikaa kooni tangu mwezi uliopita.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, ana Toyota IST ya 2004 aliyoinunua kwa mkopo, gari la kumpeleka kazini na kumrudisha basi. Kaipeleka sevisi kwenye gereji moja kubwa hapa Dar, zile zenye kaunta na viyoyozi na vijana wamevaa ovaroli safi, yeye anajua anabadilisha oili na filta anaondoka. Akaambiwa akae asubiri, baada ya saa nzima analetewa profoma, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, ya shilingi 1,180,000. Humo kuna taiming belti (mkanda unaofanya valvu na pistoni za injini ziende kwa mpangilio), kusafisha nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, kuflashi injini yaani kuisafisha kwa ndani, oili ya gia boksi, plagi nne, brekipedi za mbele, mafuta ya breki na ea klina, ile filta ya hewa. Kijana wa kaunta akamwambia mama hii imeshapita kilomita laki moja, belti ikikatika njiani injini huna. Dada akanipigia simu sauti inatetemeka, anauliza kama naweza kumkopesha laki sita.

Mimi sio fundi ila nimeendesha haya magari miaka mingi, na hapo kwenye belti nilishtuka kwa sababu IST haina taiming belti. Injini yake ni 1NZ, na hata zile zenye injini ndogo ya 2NZ ni hivyohivyo, inatumia cheni, iko ndani imefunikwa na kava na inalainishwa na oili ileile ya injini, haina kilomita zilizopangwa za kuibadilisha, ukimwaga oili kwa wakati inazeeka pamoja na gari. Sasa mtu ameandika laki mbili na nusu ya belti kwenye gari ambalo belti hiyo haipo, angebadilisha nini? Nikamwambia dada usisaini kitu, chukua funguo uje.

Jioni tukaenda kwa fundi wetu wa Tabata. Akafungua matairi ya mbele akatuita tuchungulie wenyewe, pedi zina nyama bado nene kabisa, akasema hizi tutaonana mwakani. Ea klina akaigonga kwenye tairi vumbi jekundu likamwagika kama unga wa ulezi, hiyo kweli ilikuwa imekwisha. Kwenye mafuta ya breki akachovya kitambaa cheupe kikatoka rangi ya kahawa, nayo kweli, maana yale mafuta yananyonya unyevu hata gari likiwa limepaki na kila miaka 2 inabidi yamwagwe. Plagi dada alishaweka za iridiamu mwaka juzi na risiti anayo, zile zinakwenda mpaka kilomita 100,000. Kuflashi injini na kusafisha nozeli fundi akauliza gari inatetemeka? Haitetemeki. Inakula mafuta kuliko zamani? Hapana. Basi akaachana nayo. Oili, filta, ea klina, mafuta ya breki na ufundi wake, dada akalipa 165,000.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, sisemi kila gereji kubwa ni wezi wala kwamba tupuuze kila tunachoambiwa. Jirani yangu ana Subaru Forester yenye injini ya EJ20, hiyo belti inayo kweli na ikifika 100,000 inatakiwa itoke. Naye aliambiwa, akasema hao wanataka hela tu, akaendelea kudunda nayo mpaka ikamkatikia akiwa anatoka Morogoro, pistoni zikagonga valvu zikapinda, akaishia kununua injini nyingine. Yaani maneno ni yaleyale, belti ikikatika injini huna, kwa jirani yangu ni kweli tupu na kwa dada yangu ni uongo, na mwenye gari ambaye hajui injini yake ni ipi atatofautishaje? Ndio maana mimi nasema ukinunua gari kitu cha kwanza fungua boneti utafute lile bati dogo limeandikwa modeli ya injini, lipige picha likae kwenye simu.

Halafu kuna kitabu cha gari. Magari yetu mengi yanakuja na kitabu cha Kijapani kiko kwenye droo ya dashibodi na hakuna anayekigusa, wakati siku hizi simu ukiielekezea ukurasa inatafsiri. Kule Japani Toyota hizi za petroli zisizo na tabo kitabu kinasema oili kila kilomita 15,000 au mwaka, ila kwa matumizi magumu ni nusu yake, 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu kwa mujibu wa hicho kitabu ni vumbi, safari fupifupi, kukaa injini inaunguruma gari haliendi. Hayo si ndio maisha yetu kila siku kwenye foleni? Kwa hiyo mimi namwaga kila 5,000 na hapo sibishani na fundi yeyote, kwani kuna vitu hapa kwetu vinahitaji kubadilishwa mapema kuliko kitabu. Ninachokataa ni mtu kuniandikia kitu ambacho hakipo kwenye kitabu, hakijaonyesha dalili, na hajanionyesha kwa macho.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo, kwenye profoma mbele ya kila kitu andikeni sababu yake, kama ni kilomita za kitabu, au mmekipima kimechoka, au ni pendekezo lenu tu, na vifaa vya zamani mturudishie tuvione. Na Tume ya Ushindani ipo, ile sheria ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, sidhani kama wengi wetu tunajua kwamba profoma ya namna hii unaweza kuipeleka pale. Tena mhariri ungetutafutia mwalimu wa magari wa VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, awe anajibu maswali ya wasomaji kila wiki, watu wangekata hizo kurasa wakaweka kwenye gari.

Profoma ya dada bado ninayo, ukiihitaji nitaileta ofisini kwenu, jina la gereji nimelifuta kwa wino.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam