Baruku naye alikuwa karani

Mhariri,

Barua za wasomaji wako wanaolalamikia kuoza kwa ofisi za umma huishia karibu zote mahali pamoja: "Tumwachie Mungu." Mimi ni Mkristo, na nimekuwa karani wa masjala kwa miaka 31. Naomba nafasi kidogo niseme kwa nini maneno hayo hunikera.

Nilipoajiriwa, jalada halikutoka masjala kabla ya kuandikwa kwenye rejesta: namba, tarehe, jina la anayelichukua, sahihi. Miaka ya mwisho majalada yalitoka kwapani. Mtu akija kufuatilia shauri lake anajibiwa "jalada halionekani", na wote tunajua liko kwenye droo ya nani. Niliposema, nikaitwa mlokole. Basi nami nikaacha kuandika rejesta, miezi minne nzima. Nalisema kwa aibu.

Kilichonirudisha ni Yeremia 32. Wahubiri huipenda sura hiyo kwa ahadi yake. Mimi ilininasa kwa utaratibu wake. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kizuizini katika uwanda wa walinzi, naye ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Na hanunui kienyeji. Fedha inapimwa kwenye mizani, hati inatiwa sahihi mbele ya mashahidi, kisha hati mbili, ya muhuri na ya wazi, anakabidhiwa Baruku mwandishi azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. (Sisi hata kabati lenye kufuli hatukuwa nalo.)

Mji ulianguka hata hivyo. Hapo wahubiri hupita haraka.

Baruku huyo ndiye ambaye, miaka kadhaa nyuma, aliandika gombo zima huku Yeremia akimsomea, na mfalme Yehoyakimu akalikata kwa kisu na kulitupa motoni kipande baada ya kipande. Sijaona palipoandikwa kwamba alimwachia Mungu. Alipewa gombo jingine akaandika upya, na safari hii maneno yakaongezeka. Nadhani mkono ulimuuma.

Nikaifungua rejesta tena. Ofisi haikupona, Mhariri. Nimestaafu nikiiacha mbovu kuliko nilivyoikuta, na aliyenipokea hakuuliza rejesta iko wapi, nilimwonyesha mwenyewe. Lakini ile miezi minne niliijaza, nikizunguka meza kwa meza kuuliza nani alichukua nini. Wengine walicheka, mmoja alinitolea jalada chini ya mto wa kiti chake. Mawili sikuyapata. Nimeyaachia mistari miwili, namba zake nimeziandika kwa penseli, na nafasi ya sahihi iko wazi.

Karani mstaafu