Mashine yangu si mbovu, tangi ndilo fupi

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na leo wana watoto wao. Miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile makala ya Jumamosi, kwenye ukurasa wa nyumba, kuhusu mashine ya kufulia isiyoingiza maji, imenitoa kwenye kiti. Mnaikumbuka tu, maana picha peke yake ilimeza robo ya ukurasa: dada kajipamba, kaegemea mashine nyeupe jikoni, pembeni maua. Ushauri wenyewe ulikuwa hatua tatu. Hakikisha koki imefunguliwa. Zima, kisha washa tena. Ikishindikana, mwite fundi.

Koki imefunguliwa! Huyo mwandishi anakaa Dar es Salaam ipi? Koki yangu mimi ikifunguliwa mchana hutoa upepo na kakelele ka mtu anayekoroma.

Nakaa Kimara. Mashine yangu ni ya kufungulia juu, ya kilo 7, binti yangu aliniletea kutoka Kariakoo nilipostaafu. Miaka miwili ya kwanza haikunisumbua. Mpira wake ulikuwa umeungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: siku ya maji nafua, siku isiyo na maji sifui, maisha yanaenda. Mwaka jana presha ya mtaani ikafa (sababu yake naijua, nitaifikia), ikabidi ninunue simtanki la lita 2,000, fundi bomba akajenga mnara wa tofali, akaunga mabomba. Tangu wiki hiyo mashine ikaanza visa. Unabonyeza, inavuma, maji yanachuruzika kama mkojo wa paka, halafu baada ya dakika kadhaa inapiga mlio na kuandika IE, alama yake ya kusema maji hayaingii. Basi. Nguo zimekaa humo na sabuni yake, kavu.

Nikafuata ushauri kama wa kwenu, nikaita fundi. Alifika na bisibisi moja na simu mbili. Hakufungua kitu. Aliinamisha sikio, akasikiliza ule mvumo kama daktari, akaniambia, "Mama, hapa bodi imeungua." Bodi mpya, yaani ule ubongo wa umeme wa mashine, laki na themanini, atangulie na elfu hamsini aende kuitafuta Kariakoo. Nikatoa. Sasa, mhariri, nataka uelewe kwa nini naandika haya mkono ukitetemeka. Mimi nimefundisha fizikia miaka 31. Mashine ikivuma pale inapotakiwa kuingiza maji, maana yake umeme umefika kwenye valvu, kile kilango kinachofungulia maji, na koili yake, ule waya uliosokotwa ndani, inafanya kazi. Na umeme haufiki kwenye valvu mpaka bodi iupeleke. Yaani ule mvumo aliousikiliza kwa makini vile ndio ushahidi kwamba bodi ni nzima! Kitu hicho ningempa mwanafunzi wa kidato cha tatu akakosea, ningemwekea kosa jekundu. Mimi mwenyewe nikasimama pale barazani na khanga yangu, nikahesabu noti tano za elfu kumi, nikampa. Simu zake zote mbili hazipatikani mpaka leo.

Wa pili alikuwa mstaarabu zaidi, angalau alifungua. Akasema ni valvu. Mita ya kupimia hakuwa nayo. Angekuwa nayo angeona koili inasoma ohm elfu kadhaa, kama inavyotakiwa. Akabadilisha valvu, elfu sitini na tano pamoja na ufundi, na mashine ikafanya kazi! Nikamsifia mtaa mzima. Siku ya nne IE ikarudi. Akaja, akakuna kichwa, akasema hii valvu niliyonunua huenda ni feki.

Aliyenifumbua macho ni dada anayenisaidia kazi, binti wa miaka kumi na tisa ambaye fizikia hajaisoma. Siku hiyo maji yamerudi usiku wa saa nane, kaamka kukinga, kaona yanayotangulia ni ya rangi ya chai. Asubuhi akaniuliza: "Bibi, na yale ya chai si ndiyo yanaingia kwenye mashine?" Tukafunga koki, tukachomoa umeme, tukafungua mpira nyuma ya mashine. Ndani ya ule mdomo pana kichujio kidogo cha plastiki, mfano wa kifuniko cha soda. Akakivuta taratibu kwa plaizi. Mhariri, kile kichujio kilikuwa kimevaa shati: kutu laini, mchanga, na juu yake nyuzinyuzi nyeusi zilizojikunja kama nywele za kipilipili. Nikazifikicha kwenye kiganja. Plastiki. Ni mabaki ya tangi lenyewe, yaliyobaki ndani fundi bomba alipolitoboa kuweka mdomo wa bomba, asisafishe. Tulikisugua kwa mswaki mkuukuu, tukakirudisha. Dakika kumi, bure.

Hatukuishia hapo, maana sasa akili ya darasani ilikuwa imenirudia. Nikamwambia ashike mpira juu ya ndoo ya lita 10 nami nitazame saa. Ndoo ilijaa kwa dakika tatu na zaidi, na maji hayo hata kichujio hayajakipita! Nikatafuta kile kitabu cha mashine, kipo chini ya magodoro kama ilivyo desturi. Kimeandikwa kwamba presha ya maji isipungue MPa 0.05, yaani nusu bar. Sasa hesabu ya kidato cha kwanza: mita kumi za maji kwenda juu ni takriban bar moja, kwa hiyo nusu bar ni mita tano. Mnara wangu una mita mbili, tangi likijaa linaongeza kama mita moja na nusu, toa mita moja ya mahali maji yanapoingilia mashine. Imebaki mita mbili na nusu. Na hiyo ni tangi likiwa pomoni. Likifika nusu hata mita mbili hazitimii. Ndiyo maana fundi wa pili "alitengeneza": alikuja asubuhi ya maji kutoka, tangi limejaa, mashine ikajikongoja mpaka ikajaza. Siku ya nne tangi lilikuwa robo.

Kwa hiyo nimenunua mashine, nimenunua tangi, nimenunua valvu ambayo sikuihitaji, nimemnunulia mtu bodi ya hewani, na muda wote tatizo lilikuwa kimo. Hakuna aliyeniuliza tangi lako liko juu kiasi gani. Muuzaji aliuliza, "Nguo zako kilo ngapi?" (Nguo zangu kilo ngapi! Nani anapima?) Laiti angeuliza maji yanatoka wapi, ningenunua ile ya pipa mbili, ya kumiminia ndoo, isiyo na habari na presha. Wenye mashine za mlango wa mbele mna mengine tena, mlango usipojifunga vizuri hata maji hazifungulii, hayo siyasemei.

Na sasa nifike kwa waliouua presha ya mtaa. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu yanakuja mpaka kwenye matangi ya hapa Kimara, kwa hiyo msiniambie tuko mbali. Kwenye mtaa wangu nyumba nne zimefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Maji yakitoka tu unazisikia, ngrrr, ngrrr, nyumba hii na ile, wanayanyonya kama mrija wa dafu, na sisi wa mwisho wa bomba tunabaki na ile chai na mchanga. Mmoja ni mzee wa kanisa. Nimemfuata kwa heshima, nikamwambia, "Shemeji, pampu iweke baada ya tangi lako, isukume maji yako mwenyewe." Akanijibu kwamba kila mtu ana haki ya maji. Kumbe mrija wake ndio haki! Na akivuta kwa nguvu namna ile kwenye bomba lenye ufa, anayavuta na majitaka ya mtaroni, tunywe sote.

Ushauri wangu ni huu. Kila duka la Kariakoo linalouza mashine hizi litundike kamba ya mita tano kutoka ghorofani mpaka mgongoni mwa mashine, ncha ya juu ifungwe ndoo nyekundu. Mteja asimame chini, atazame juu, aulizwe: tangi lako linafika pale? Kama halifiki, auziwe na pampu yake ndogo ya kuweka baada ya tangi, au aende zake na beseni. Na mwandishi wenu namkaribisha Kimara siku yoyote baada ya saa nane usiku. Aje na saa ya mkono, ndoo ipo.

Mimi pampu nitanunua mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia. Kwa sasa tunafungua mfuniko na kumimina ndoo nne kwa mkono, mashine inaona kiwango kimefika na kuanza kuzunguka. Ikimwaga, tunamimina tena za kusuuza. Na yule fundi wa bodi, kama hili gazeti anafungia maandazi, namba yangu anayo.

Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam